Bobby Williamson Anaonewa

Wasomaji wa pwani, mkifika Dagoretti Corner msilitaje jina la Bobby Williamson kituoni kama mna haraka; matatu za Ngong zitawapita mngali mnabishana. Wengi hapa wanamkumbuka kwa Harambee Stars tu, aliyoifundisha 2014 hadi 2016 bila kombe. Mimi naona anaonewa. Mskoti huyu, mshambuliaji wa zamani wa Rangers na Kilmarnock, alipogeuka mwalimu wa timu aliipa Kilmarnock Kombe la Uskoti mwaka 1997. Mara ya mwisho walilishika 1929! Uganda akaitwalia Kombe la CECAFA mara nne, ingawa Oktoba 2012 Zambia iliwafungia mlango wa Kombe la Afrika kwa penalti. Na 2013 Gor Mahia, waliokaa miaka 18 bila ubingwa wa ligi, wakaupata kwake.