NONDO MGENI HUTAMBULIWAJE?

Mwaka jana mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, taa iliyo nje ya bwalo letu ilijaa nondo kila usiku. Wanafunzi wengine waliwapiga kwa madaftari, wengine waliwafagia asubuhi pamoja na takataka. Mimi nilianza kuwatazama. Wako watu ambao wakisikia neno nondo hufikiri vyuma vya kujengea, na wazee hukumbuka joka la hadithini. Nondo ninayetaka kumweleza ni mdudu, jamaa wa kipepeo, ambaye kazi zake nyingi huzifanya usiku.

Wasomaji wapendwa, msifunue ukurasa mkidhani kuwa jambo hili ni dogo. Kumtambua nondo aliye mgeni katika nchi ni jambo la chakula chetu. Tena sisi wa Tabora yatuhusu zaidi, kama nitakavyoonyesha.

MPYA WA NAMNA TATU

Usiku mmoja nilimshika nondo mkubwa, upana wa mabawa yake karibu sentimeta 10. Rangi yake ilikuwa ya majivu, na tumboni alikuwa na pingili za waridi na nyeusi. Nilimtia ndani ya chupa, nikakimbia kwa mwalimu wetu wa baolojia. Nikasema, "Mwalimu, nimepata nondo ambaye hajulikani katika Tanzania!"

Mwalimu akamtazama, kisha akaniuliza, "Hajulikani na nani?"

Sikuwa na jibu. Akafungua kitabu akanionyesha picha yake. Kumbe jina lake la kitaalamu ni Agrius convolvuli, na mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alimwandika tangu mwaka 1758. Yuko Afrika, yuko Ulaya, yuko Asia. Kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Nilipokwenda likizo nilimweleza mama, naye akacheka. "Yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani? Mimi namwona kwenye matembele tangu sijaolewa."

Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa mdudu huweza kuwa mpya kwa namna tatu. Namna ya kwanza, ni mpya kwangu mimi tu, kama nondo wangu wa chupani. Namna ya pili, ni mpya kwa nchi: wataalamu wanamjua kwingineko, lakini hapa hajapata kuandikwa. Namna ya tatu, ni mpya kwa elimu yenyewe, yaani hakuna kitabu cho chote duniani kilichopata kumtaja.

Namna ya tatu imepata kutokea hapa kwetu. Mjerumani mmoja, Richard Böhm, alifika mwaka 1880 akakaa Kakoma, kusini ya Tabora, akikusanya wanyama na ndege. Kati ya ndege wake alikuwamo keremkerem mmoja mdogo, na mwaka 1882 mtaalamu Reichenow alimwandika kwa jina la Merops boehmi. Wenyeji walikuwa wakimwona ndege yule siku zote. Upya wake ulikuwa vitabuni tu.

Lakini namna ya pili ndiyo yenye hatari. Mdudu aliye mpya kwa nchi huja bila ya adui zake aliowaacha kwao, na huwakuta watu wasiojua desturi zake.

WAGENI WA NJIANI

Tabora ni mji wa njia. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapa ikitoka Ujiji na nchi za maziwa, ikielekea Bagamoyo. Burton na Speke waliondoka pwani mwisho wa Juni 1857 wakafika Kaze, ndipo hapa Tabora, tarehe 7 Novemba, safari ya zaidi ya miezi minne. Mwaka 1912 reli ilifika, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Penye njia hupita watu na mizigo, na ndani ya mizigo hupita visivyotakiwa.

Mfano wa kwanza ni funza wa miguuni, ambao wengine huwaita tekenya. Asili yao ni Amerika. Mwaka 1872 waliletwa na meli toka Brazili hata Angola. Toka huko walisafiri na watu wa misafara, wakivuka bara zima ndani ya vidole vya wapagazi. Kabla ya karne ya 19 kwisha, walikwisha kufika pwani yetu ya mashariki.

Mfano wa pili ni wa mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1981 iliandikwa mara ya kwanza ya kuwa mdudu aitwaye dumuzi ameonekana Tanzania, na mahali alipoonekana ni Tabora. Yeye si nondo, ni mdudu mdogo mwenye gamba gumu, na kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kabla ya hapo hakuwa amepata kuota mizizi mahali po pote katika Afrika. Watu wengine walimwita Scania, jina la malori makubwa, kwa jinsi alivyokuwa na nguvu ya kuharibu. Katika maghala yaliyoshambuliwa zaidi, mahindi ya magunzi yalipoteza kama theluthi moja ya uzito wake kwa miezi 3 hadi 6. Kufika mwaka 1983 alikwisha kuonekana Kenya.

Babu yangu, ambaye kwake ni upande wa Urambo, aliyaona haya kwa macho yake. Nilimwuliza, "Babu, mlijuaje ya kuwa ni mgeni?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, hatukujua. Tulidhani ni fukusi wa siku zote. Tukasema, fukusi wamezidi mwaka huu. Tulipofungua kihenge tukakuta unga, na hakuna aliyesaga."

Jibu lile sijalisahau. Mgeni alikaa nyumbani mwao kwa jina la mwenyeji, na kwa muda wote huo walimtendea kama mwenyeji. Alipokwisha kujulikana kwa jina lake, dawa zake nazo zilijulikana. Wakulima walifundishwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga, badala ya kuyaweka na magunzi, kwa maana dumuzi hupenda mahindi yaliyoshikamana na gunzi. Kadhalika, kwa kuwa kwao kulijulikana, wataalamu walikwenda huko kumtafuta adui yake. Wakampata mdudu mwingine mdogo anayekula dumuzi, na katika miaka ya 1990 wakamwachia katika nchi kadha za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo.

NONDO WA MWAKA 2017

Sasa nafika kwa nondo mwenyewe. Jina lake ni Spodoptera frugiperda, na sisi twamwita kiwavijeshi vamizi. Kwao ni Amerika, na aliandikwa mwaka 1797 na J. E. Smith. Neno frugiperda ni la Kilatini, maana yake ni mpoteza mazao. Kwa zaidi ya miaka 200 hakuwako Afrika. Mwanzoni mwa mwaka 2016 alionekana Nijeria, na mwaka ule ule Georg Goergen na wenzake wakatangaza kwa maandishi kuwapo kwake Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 2017 alionekana Tanzania na Kenya. Mwaka 2018 alifika Bara Hindi, mwaka 2019 China, na mwaka 2020 Australia.

Funza walikuja kwa miguu ya watu, dumuzi kwa magunia. Huyu ana mabawa yake. Akisaidiwa na upepo huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Mwendo uliowachukua Burton na Speke zaidi ya miezi minne, yeye kwa hesabu hiyo angeumaliza kwa usiku 8 au 9.

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka 10. Mahindi yetu yalipokuwa yafika magotini, majani yalionekana yametobokatoboka, na katikati ya kila shina kulikuwa na uchafu kama unga wa mbao. Baba akapasua shina moja akamtoa kiwavi. Akasema, "Viwavijeshi." Jina hilo lilikuwa kweli nusu tu, na ile nusu iliyokosekana ndiyo iliyotupotezea chakula.

Maana viwavijeshi wa zamani, ambao ni wenyeji wa Afrika, baba aliwajua vizuri. Hao huja kwa makundi makubwa, wengi wao ni weusi, hula nyasi na mahindi waziwazi, kisha huondoka. Basi baba alingoja waondoke. Hawa hawakuondoka. Mgeni huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hula hapo mpaka akue, hushuka kwenye udongo akajigeuza, na katika muda wa kama siku 30 toka yai huwa nondo, tena hutaga katika shamba lile lile. Baba aliponunua dawa aliinyunyiza saa sita mchana, wakati viwavi wamo ndani kabisa. Mwaka ule tulivuna magunia 4 mahali tulipozoea kuvuna 11. Toka Novemba hata Aprili tulikula unga wa kununua, na siku nyingine mlo ulikuwa mmoja.

Baba si mvivu wala si mjinga. Alimtendea mgeni kwa elimu ya mwenyeji, kama alivyofanya babu mbele ya dumuzi.

WATAALAMU HUTHIBITISHAJE?

Kusema "huyu ni mgeni" ni rahisi. Kuthibitisha ni kazi. Kwanza hutazamwa alama za nje. Kiwavi wa kiwavijeshi vamizi ana mstari mweupe usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Walakini viwavi wengine nao huwa na alama inayofanana nayo, kwa hiyo yafaa kutazama na upande wa mkiani. Kwenye pingili ya pili toka mwisho ana madoa manne meusi makubwa yaliyopangwa kama pembe za mraba. Nondo dume ana kipande cheupe kwenye ncha ya bawa la mbele.

Pili, kwa kuwa nondo wengi hufanana mabawa, wataalamu huchunguza sehemu zao za uzazi kwa hadubini. Sehemu hizi hutofautiana baina ya aina na aina. Siku hizi hupima vinasaba pia na kuvilinganisha na vya wadudu wanaojulikana.

Tatu, mdudu mwenyewe hana budi kuwekwa. Huchomwa pini, hukaushwa, na chini yake hutiwa kikaratasi kinachosema mahali alipopatikana, tarehe, na jina la aliyemshika. Bila kikaratasi hicho mdudu huyo ni pambo tu. Kisha habari yake huandikwa na kutangazwa, ili wengine waweze kuikagua.

Na kuna jambo la nne ambalo hutangulia yote. Ili ujue ya kuwa nondo huyu hajapata kuwako, sharti uwe na orodha ya wale waliokuwako. Mlinda mlango asiyewajua watu wa nyumbani hawezi kumtambua mgeni.

TUFANYE NINI SISI?

Wanafunzi wenzangu, kazi hii haingojei watu wenye digrii. Huko Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanavijiji walifundishwa kutumia mitego yenye harufu ya nondo jike wa viwavijeshi wa zamani. Walihesabu madume walionaswa, wakatazama na mvua, wakawatangazia jirani zao kabla viwavi hawajatokea.

Sisi twaweza kuanza na shuka nyeupe, taa, na daftari. Mimi nimejaribu kwa usiku 9, nikahesabu aina 23 kwa kutazama sura tu. Majina niliyoyapata kwa hakika ni 5. Ni machache, lakini mwaka jana nilikuwa sina hata moja. Natumaini kidato cha tatu watalipokea daftari hili nitakapoondoka, nao wataongeza.

Nanyi wazazi mnaolima, nawaomba mtembelee mashamba mara mbili kwa juma tangu mahindi yanapochipua. Mkiona mayai yaliyofunikwa na manyoya chini ya majani, yapondeni. Mkitumia dawa, tumieni viwavi wangali wadogo, asubuhi mapema au jioni. Na mkiona mdudu msiyemwelewa, msimpe haraka jina la yule mliyemzoea. Mtieni chupani mkampeleke kwa bwana shamba, mkiandika mahali na siku.

Baba sasa hufanya hivyo. Likizo iliyopita nilikuta chupa tatu dirishani, kila moja ina kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wake. Wadudu wote watatu walikuwa wenyeji. Sikumcheka, kwa maana nakumbuka nondo wangu wa matembele.