UKIPIGWA, USHTAKI AU USAMEHE?

Wahenga walisema hasira hasara. Je, hasira ikiwa ya mwingine na hasara ikawa yako?

Likizo iliyopita kaka yangu, fundi wa baiskeli, alipigwa rungu na jirani eti kwa sababu mbuzi wetu aliingia shambani mwake. Mkono ukavimba kama muhogo. Jioni nyumbani mabishano yakaanza. Baba akasema, "Huyu tutaishi naye. Tuite wazee." Mama akamjibu, "Na mkono ukilemaa, wazee ndio watashika spana?"

Niliyojifunza ni haya.

Kwanza, kupiga ripoti si sawa na kwenda mahakamani. Tibiwa, kisha nenda kituo cha polisi. Habari huandikwa katika kitabu cha OB nawe hupewa nambari. Halafu kuna fomu ya P3. Polisi hujaza sehemu yao, daktari naye yake, na fomu hiyo haiuzwi. Kidonda hupona na mashahidi husahau, lakini karatasi haisahau. Basi piga ripoti hata kama hujakata shauri.

Pili, pima uzito wa jambo. Kwa sheria za Kenya, shambulio la kawaida lina kifungo cha hadi mwaka 1. Likileta jeraha, ni hadi miaka 5. Kumdhuru mtu vibaya sana ni hadi kifungo cha maisha. Katika shambulio la kawaida, sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuwahimiza watu wapatane, hata kwa fidia.

Tatu, kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi tu. Ikishafika kortini huwezi kuamka asubuhi useme "yaishe", yakaisha. Sharti mahakama ikubali. Tena kesi huahirishwa, nauli hukatika, na kazi hulala. Ukitaka kudai fidia kwa kesi ya madai, usizidishe miaka 3.

Nne, jiulize: Huyu atarudia? Mashahidi watasimama nami? Wanaonisihi nisamehe wananihurumia mimi, au wanaona haya tu? Suluhu ni njema mkosaji anapokiri na kulipa. Aliyeumia akinyamazishwa, hiyo si suluhu.

Kaka alipiga ripoti na kujaziwa P3. Bahati nzuri mfupa haukuvunjika. Jirani aliposikia habari za OB, alikuja mwenyewe na wazee, akakiri, akalipa matibabu na siku zote ambazo kibanda kilifungwa. Mapatano yakaandikwa, sahihi zikatiwa, na polisi wakaarifiwa. Kaka akampa mkono, ule mzima.

Wenzangu, kusamehe ni uungwana. Lakini msamaha wenye uzito ni wa yule anayejua kwamba angeweza kushtaki. Mama bado ameiweka nakala ya P3 sandukuni, chini ya kanga zake.