Koili za kuwashia gari: namba ya kipuri ndiyo mwongozo wa mnunuzi

Gari linapotetemeka likiwa limesimama kwenye foleni, likakosa nguvu ya kupanda mlima na taa ya injini ikawaka katika dashibodi, mafundi husema injini “inamisi”. Miongoni mwa sababu za kawaida za hali hiyo ni koili ya kuwashia iliyoharibika. Mmiliki anayefika dukani kununua nyingine huweza kuwekewa mezani koili mbili au tatu zinazofanana umbo, rangi na soketi, lakini zenye namba na bei tofauti. Wengi huchagua kwa kutazama bei pekee, ilhali jibu sahihi limeandikwa juu ya koili yenyewe.

Kazi ya koili ni kuupokea umeme wa betri, ambao ni takribani volti 12, na kuukuza hadi kufikia makumi ya maelfu ya volti. Umeme huo ndio unaoruka kwenye ncha ya plagi na kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Katika magari mengi ya petroli ya sasa, kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi. Kwa hiyo injini ya silinda nne huwa na koili nne, na moja ikifa, gari huendelea kutembea kwa shida likitumia silinda tatu.

Kukaa juu ya plagi kuna gharama yake. Koili huishi katika joto la injini na mtikisiko kwa miaka mingi. Joto hilo hupanua na kusinyaza vifaa vya ndani hadi kinga ya umeme ikapata nyufa, na umeme ukaanza kuvuja kabla ya kuifikia plagi. Watengenezaji wanapogundua udhaifu wa namna hiyo, hubadili malighafi au saketi ya ndani na kutoa toleo lililoboreshwa. Kwa nje toleo jipya huweza kufanana kabisa na la zamani, na mara nyingi kinachobadilika ni namba tu.

Mfano unaofahamika sana ni wa kampuni ya Volkswagen. Mwaka 2003, baada ya malalamiko mengi ya koili kufa katika magari yaliyouzwa nchini Marekani, yakiwemo ya injini ya 1.8T, kampuni hiyo ilitangaza kuzibadilisha bila malipo kwa wateja. Tukio hilo linaonesha kwa nini suala la matoleo si dogo: mtu aliyenunua koili ya toleo la zamani iliyobaki ghalani alikuwa amenunua upya tatizo lile lile, japo kipuri chake kilikuwa kipya na halisi.

Katika namba za Volkswagen na Audi, herufi ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Koili yenye namba 07K 905 715 F, kwa mfano, ni ya familia ya 07K 905 715, na herufi F huitofautisha na zile zilizoitangulia. Kwa kawaida herufi iliyo mbele zaidi katika alfabeti huashiria toleo la baadaye. Hata hivyo, kanuni hiyo haitoshi peke yake, kwa kuwa wakati mwingine herufi hutenganisha koili za injini tofauti badala ya matoleo ya koili moja. Uhakika hupatikana kwa kuingiza namba ya chasisi ya gari katika katalogi ya vipuri na kusoma namba inayokubaliwa kwa gari hilo.

Toyota, ambayo magari yake ni mengi katika barabara za Tanzania, hutumia utaratibu mwingine. Namba zake huwa na tarakimu kumi zilizogawanywa kwa kistari. Koili ya injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika magari kama IST ya lita 1.5, ni 90919-02240. Koili ya injini ya 1ZZ-FE, iliyotumika katika baadhi ya Corolla, ni 90919-02239. Namba hizo zinafuatana, lakini hakuna hata moja iliyo toleo jipya la nyingine, bali ni vipuri vya injini mbili tofauti. Mnunuzi anayedhani kwamba namba kubwa ndiyo bora hujikuta amenunua kisichomfaa. Toyota inapoboresha koili, huweza kuipa namba mpya kabisa, na katalogi ndiyo inayoonesha namba ipi imechukua nafasi ya ipi.

Koili kuingia vizuri mahali pake na soketi kukubali si uthibitisho kwamba inafaa. Koili nyingi za Toyota zina pini nne. Mbali na umeme wa kuingia na waya wa hasi, pini moja hupokea amri ya kompyuta ya gari na nyingine hurudisha taarifa kwamba amri imetekelezwa. Koili isiyorudisha taarifa hiyo ipasavyo huweza kuifanya kompyuta iamini kuwa cheche haikutokea. Taa ya injini huwaka, na gari hurudi gereji likiwa na kipuri kipya.

Kabla ya kununua, fundi anapaswa kwanza kuthibitisha kuwa koili ndiyo mbovu. Mashine ya kupima ikionesha msimbo P0301, tatizo liko silinda ya kwanza. Koili ya silinda hiyo ikibadilishana nafasi na ya silinda ya pili, kisha msimbo ukawa P0302, kosa limeifuata koili. Msimbo usipohama, zichunguzwe plagi, nozeli na nyaya. Plagi zilizolika nazo huilazimisha koili kutoa umeme mwingi zaidi na kuichosha mapema, vivyo hivyo oili inayovuja kwenye matundu ya plagi huharibu mpira wa koili. Kuweka koili mpya bila kurekebisha kasoro hizo ni kuiandalia kifo.

Swali la kubadili koili moja au zote hujibiwa na toleo lililomo kwenye gari. Ikiwa ni toleo linalojulikana kuwa na kasoro, ni busara kubadili zote kwa toleo lililoboreshwa, kwa sababu zilizobaki zina udhaifu ule ule. Ikiwa toleo halina historia ya kasoro na plagi ni nzima, kubadili iliyokufa pekee kunatosha.

Namba sahihi pia huweza kuchapwa juu ya kipuri bandia. Mnunuzi anashauriwa kulinganisha namba ya koili na ya boksi, kukagua ubora wa maandishi na pini, kutilia shaka bei iliyo chini mno, na kudai risiti ya EFD inayomtambulisha muuzaji. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia udhibiti wa bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia viwango vya ubora. Bila risiti, mlalamikaji huwa na kazi ngumu ya kuthibitisha alikonunua.

Kuahirisha matengenezo nako kuna hasara. Mafuta yasiyoungua katika silinda isiyo na cheche hutoka na moshi na kuungulia ndani ya kifaa cha kusafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega. Joto hilo huweza kuyayeyusha masega, na bei yake ni kubwa kuliko ya koili. Kwa dereva wa teksi anayelitegemea gari kwa riziki ya kila siku, dakika chache za kusoma namba ya chasisi na ya kipuri kabla ya kulipa zinaweza kumwepusha na gharama hiyo.