Mgonjwa wa Kifua Kikuu Mbele ya Hakimu

Mwezi Agosti 2010, wagonjwa wawili wa kifua kikuu walifikishwa mbele ya hakimu mjini Kapsabet, Kenya. Hawakuwa wameiba wala kumjeruhi mtu. Walidaiwa kuacha kumeza dawa. Ombi la kuwazuilia lilitoka kwa maafisa wa afya. Hakimu aliagiza wawekwe katika gereza la mji huo kwa miezi 8, au kwa muda utakaotosha kukamilisha matibabu yao. Walikaa humo siku 46 kabla ya kuachiliwa.

Shauri lao la kikatiba liliamuliwa na Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu tarehe 24 Machi 2016. Watumishi wa afya wanapaswa kuufahamu uamuzi huo, kwa kuwa safari ya kwenda gerezani ilianzia mikononi mwa wenzao.

Agizo la hakimu liliegemea kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu hicho kinaruhusu mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza apelekwe mahali pa kutengwa, na kukaa huko hadi mganga aridhike kwamba hana tena hatari kwa umma. Hakitaji gereza. Jaji aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu kulikiuka Katiba. Aliamuru Wizara ya Afya itoe waraka ndani ya siku 30 kueleza kwamba kifungu hicho hakiruhusu jambo hilo, na iandae sera ya kuwatenga wagonjwa wasiokubali kwa hiari ndani ya siku 90.

Hata bila Katiba, elimu ya tiba pekee ingetosha kulitilia shaka agizo lile. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na seli iliyosongamana yenye madirisha finyu ni mahali pazuri mno pa kukieneza. Isitoshe, mgonjwa ambaye vimelea vyake si sugu kwa dawa hupungukiwa sana na uwezo wa kuambukiza baada ya majuma machache ya kumeza dawa ipasavyo. Miezi 8, basi, ilikuwa ya kuwalinda majirani dhidi ya nini? Muda uliobaki unafanana na adhabu.

Haimaanishi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kukohoa penye umati apendavyo. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya inakubali haki ziwekewe mipaka, mradi iwe kwa sheria, kwa sababu ya msingi, na pasiwepo njia nyingine nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba kumtenga mtu bila hiari yake kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kwamba hata aliyetengwa asilazimishwe kutibiwa.

Njia nyepesi zaidi huanza na swali: umeacha dawa kwa nini? Mara nyingi jibu ni la kawaida mno. Nauli imekosekana. Dawa zinamletea kichefuchefu naye analala njaa. Kibarua chake hakimruhusu kufika kliniki asubuhi. Hakuna hakimu anayeweza kutibu mambo hayo, lakini muuguzi anayebadilisha saa za kliniki, au anayempata jirani wa kusimamia umezaji wa dawa, anaweza. Juhudi hizo ziandikwe katika jalada la mgonjwa; bila maandishi, mahakama haiwezi kujua kwamba zilifanyika.

Zikishindikana zote, na mgonjwa angali anaambukiza, ombi mahakamani lionyeshe chumba cha hospitali chenye hewa ya kutosha, chakula, dawa na tarehe ya kuipitia upya hali yake. Mgonjwa naye apewe nafasi ya kusikilizwa na kuwakilishwa na wakili. Hospitali isiyo na chumba cha namna hiyo itaulizwa na hakimu swali gumu: huyu mnataka nimpeleke wapi?