Kunio Mikuriya na Utumishi wa Forodha
Kunio Mikuriya, aliyeitumikia Wizara ya Fedha ya Japani kwa miaka 25, alijiunga na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao makuu Brussels, akiwa Naibu Katibu Mkuu mwaka 2002, kisha akaliongoza kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2023. Shirika hilo husimamia mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, yaani kuipa kila aina ya bidhaa namba ya tarakimu sita, ili kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini, yenye namba 090111, itambuliwe Yokohama kama inavyotambuliwa Dar es Salaam. Utumishi wa namna hii unastahili heshima, kwani forodha hukusanya mapato ya umma na kuilinda biashara halali dhidi ya magendo.