Pishi ya Zakaatul-Fitri: Tambi na Makaroni Zipimwe Vipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Swahaba zake.

Kila Ramadhani inapokaribia kwisha huulizwa: mwenye kutaka kutoa Zakaatul-Fitri kwa tambi au makaroni, ajaze pishi au apime kwa kilo? Suali hili si dogo, kwani ndani yake mna haki ya maskini.

Katika Hadithi ya Ibn 'Umar (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alifaridhisha pishi moja ya tende au ya shayiri. Pishi (swaa') ni vibaba vinne, na kibaba (mudd) ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Basi asili yake ni kipimo cha ujazo, si cha uzani. Imamu An-Nawawi (aliyefariki 676H) alitanabahisha kuwa uzani wa pishi hubadilika kwa kubadilika aina ya chakula.

Ndipo tunapoona hitilafu za kilo. Sheikh Ibn 'Uthaymin alikadiria kilo 2 na gramu 40 za ngano nzuri, na Sheikh Ibn Baz akakadiria takriban kilo 3. Tukichukua pishi kuwa karibu lita 2 na robo tatu, mchele wake hufika kama kilo 2.3.

Sasa tutazame makaroni. Kila kipande kina tundu, na baina ya vipande mna nafasi. Lita moja ya makaroni fupi kavu ina takriban gramu 450 tu, hivyo pishi yake haizidi sana kilo moja na robo. Aliyejaza pishi kwa makaroni amemjazia maskini hewa, na chakula alichompa ni karibu nusu ya kile cha aliyetoa mchele. Ama tambi ndefu, hizo hata chomboni hazijai sawasawa.

Je, zinajuzu? Katika madh-hebu ya Imamu Shafi'i hutolewa nafaka yenyewe. Unga na mkate havitoshelezi, na tambi ni unga uliokandwa ukakaushwa. Wako wanavyuoni wa zama zetu walioruhusu iwapo ndicho chakula cha kawaida cha watu wa mji, na wakasema zile kubwa zizingatiwe kwa uzani.

Kwa hivyo tunanasihi kutoa mchele au mahindi, kwani huko ndiko kutoka katika khilafu. Mwenye kufuata ruhusa, asijaze pishi kwa makaroni. Ajaze kibaba kwa ngano mara nne, aipime ngano hiyo kwa mizani, kisha atoe makaroni zenye uzani huo, kwa kuwa asili yake ni ngano. Akitaka ihtiyati atoe kilo 2 na nusu, yaani pakiti 5 za nusu kilo kwa kila mtu; nyumba ya watu sita ni pakiti 30.

Nanyi maimamu, wekeni kibaba na mizani msikitini kabla ya usiku wa Idi, ili asipunjwe maskini wala asibaki mtoaji na deni asilolijua.

Wallaahu A'lam.