Msimamizi wa Mirathi Si Mrithi

Tunapotembelea sharika kukagua miradi ya maji na ng'ombe wa maziwa, mara nyingi akina mama hutusubiri nje baada ya kikao. Wanaloulizia ni mirathi.

Mama mmoja alifiwa na mumewe. Baada ya matanga ukoo ulikaa, ukamchagua shemeji yake awe msimamizi, naye mama akaweka dole gumba kwenye muhtasari. Shemeji akaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, akateuliwa. Haukupita mwaka akawa ameuza nusu ya kihamba. Wazee wa kanisa walipomhoji alijibu, "Mahakama imenipa mimi." Tunaamini hakuwa akidanganya, ndivyo alivyoelewa, na ndivyo wanavyoelewa wengi.

Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama. Na anayeteuliwa hapewi mali. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi kinachobaki, kisha kurudi mahakamani kutoa hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Asipotimiza wajibu wake, au akiifanya mali kuwa yake, warithi wanaweza kuomba uteuzi utenguliwe. Mama yule aliyajua haya kwa msaidizi wa kisheria. Uteuzi ulitenguliwa na binti yake mkubwa akaichukua kazi hiyo. Shauri dhidi ya mnunuzi bado linaendelea.

Je, wosia ungesaidia? Sana, hasa kwa mjane. Kanuni za mila zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 hazimpi mjane fungu ikiwa mume ameacha ndugu. Zinasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi, ikaitaka Tanzania izirekebishe. Mume anayetaka mkewe abaki na nyumba asisubiri marekebisho, aandike.

Wosia wa kimila huandikwa kwa wino, si penseli, ukiwa na tarehe na sahihi. Mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, asiyejua, wanne. Anayerithishwa asiwe shahidi. Wala mtu hawezi kuusia kisicho chake: shamba walilonunua mume na mke kwa jasho la wote wawili si la mume peke yake.

Unaweza kuhifadhiwa RITA, benki, kwa wakili au kanisani. Tumewahi kukuta wosia uliofungiwa sandukuni ambao hakuna aliyejua upo mpaka shamba lilipokwisha kugawanywa, kwa hiyo mwenye wosia amwambie angalau mtu mmoja mahali ulipo.

Wafadhili wametuuliza kwa nini bajeti ina nauli za wasaidizi wa kisheria. Ng'ombe wa mradi alikuwa kwenye ile nusu iliyouzwa. Kamati zinazohitaji semina zituandikie kupitia ofisi ya jimbo.